Kuuzunguka Mlima wa Longonot

Mtu asafiriye kutoka Nakuru kwenda Nairobi kwa njia kuu, akiisha kupita Gilgil na Naivasha, huona upande wa kuume mlima uliosimama peke yake katika Bonde la Ufa. Mbavu zake zimejaa makorongo, na kilele chake ni kama chungu kilichovunjika mdomo. Huo ndio Longonot, ambao Wamasai waliuita Oloonong'ot, yaani mlima wa migongo mingi. Urefu wake ni mita 2,776 juu ya bahari, na tangu mwaka 1983 umekuwa mbuga ya taifa. Waupitao kila siku ni wengi sana. Waupandao ni wachache.

Watu wazima wengi huuliza: kuna faida gani mtu kupanda mlima asiko na mbuzi wala kuni, akauzunguka, kisha akateremka mahali pale pale alipoanzia? Swali hili si la mpumbavu. Mkulima amepanda vilima vingi maishani mwake, wala hakupanda hata kimoja bila haja.

Na iwe karani wa mjini Nakuru amemwalika baba yake mdogo, mkulima wa Njoro, waende huko siku ya mapumziko. Mzee akubali kwa heshima tu, huku akisema, "Mwanangu, miguu yangu imezoea kwenda mahali."

"Baba, na huku pia ni mahali," ajibu kijana. "Twende ukaone."

Kutoka langoni hata kufikia ukingo wa shimo ni mwendo wa kilomita 3 na kidogo, na sehemu nyingine ni za kupanda sana. Kuuzunguka ukingo wenyewe ni kilomita 7.2. Pamoja na kurudi, safari yote hupata kilomita 13 na nusu, nayo huchukua saa nne hata sita. Hakuna kijito njiani, na kivuli ni haba. Kwa hiyo mwenye busara huanza asubuhi na mapema, huchukua maji ya kumtosha siku nzima, huvaa viatu vya kushika ardhi, na huwasikiliza askari wa wanyama kabla ya kuondoka langoni, kwa maana nyati na chui wamo mlimani.

Wafikapo ukingoni, mzee husimama kimya. Nyuma yake ni nyika ya majani makavu na vichaka vya leleshwa. Mbele yake ni shimo kubwa, na chini kabisa ya shimo hilo umeenea msitu wa miti iliyosongamana, kana kwamba mtu ameuficha humo. Hapa na pale kuta za mwamba hutoa mvuke. Yasadikiwa kwamba mlima huu ulitapika moto mara ya mwisho katika miaka ya 1860, lakini joto la chini halijapoa. Upande wa magharibi, katika nchi ya Olkaria, joto la namna hiyo hiyo limekuwa likizalisha umeme tangu mwaka 1981.

Kilele kiko ng'ambo ya magharibi ya ukingo, na njia ya kukifikia hupanda na kushuka mara nyingi. Kutoka hapo huonekana ziwa la Naivasha, safu ya Mau, milima ya Nyandarua, na Suswa upande wa kusini. Mtu aliyekaa Bonde la Ufa miaka hamsini aweza kuona hapo kwa mara ya kwanza jinsi nchi yake ilivyokaa.

Hata hivyo, kinachomshika mkulima zaidi ni kile kilichoko chini ya miguu yake. Udongo wa Longonot ni majivu ya moto wa kale, nao ni mwepesi. Wakati wa kiangazi huwa vumbi. Mvua inyeshapo, huchukuliwa na maji. Mahali pengi njia imechimbika ikawa mfereji. Wapitaji, wakichoka kupita ndani ya mfereji, hukanyaga majani ya kando ili kufupisha mwendo. Majani hufa, na mvua ifuatayo huchimba mfereji wa pili.

Kijana naye ataka kukata kona. Mzee amshika mkono. "Rudi njiani, mwanangu. Ukipita hapo leo, maji yatapita hapo kesho. Hivi ndivyo tulivyopoteza kipande cha shamba cha chini, kwa njia ya ng'ombe tu."

Neno hilo lina uzito. Kila mtu aupendaye mlima huu aweza kuuharibu kwa nyayo zake bila kukusudia, na moto mmoja wa mzaha waweza kufanya makubwa zaidi. Mwaka 2009 mlima huu uliungua vibaya. Basi yafaa wapandaji wafuate njia moja, wasiwashe moto, wala wasiache chupa na makaratasi nyuma yao.

Jioni wawili hao wamerudi langoni, wamejaa vumbi hata nyusini. Kijana auliza kama miguu ya mzee imefika mahali. Mzee hajibu upesi. Akung'uta viatu vyake, atazama zile mbavu za mlima zilizokatwa na maji, kisha asema, "Jumamosi uje Njoro na jembe. Kuna tuta limebomoka, na mvua haziko mbali."