Breki Zikilia, Tusizibe Masikio

Kalamu yangu leo haina hadithi ya mapenzi wala shairi. Nataka tuzungumze juu ya breki. Usicheke, msomaji. Wengi wetu hupanda matatu kila tufungapo shule, na roho zetu huwa zimeshikwa na vipande vidogo tu vya breki kwenye magurudumu.

Likizo ya Agosti iliyopita nilipanda matatu pale Ukunda, niende Msambweni kumjulia hali nyanya. Tulipokaribia Gazi, mbuzi alikatiza njia ghafla. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likatoa mlio, krrrr, mithili ya panga linalonolewa juu ya jiwe. Sote tukarushwa mbele. Mama mmoja mwenye kapu la samaki akasema, "Dereva, mwanangu, gari lako lalia. Wasikia?"

Makanga ndiye aliyejibu: "Ah, mama, ni mchanga tu huo!" Watu wakacheka, naye akaongeza muziki. Mama yule hakucheka. Aliomba ashushwe Gazi, akalipa, akabaki juani kungoja gari jingine. Nami, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu niliyefundishwa msuguano na mwendo, nilikaa kimya kwa haya. Nilifika salama, lakini kimya changu kilinisumbua usiku kucha.

Niliporudi Ukunda nilimweleza ami yangu, ambaye ni fundi wa magari. Aliniambia kuwa fundi mzuri hashiki spana kabla ya kuuliza. Mlio ni wa namna gani? Watoka mbele au nyuma? Husikika asubuhi gari likiwa baridi, au baada ya mwendo mrefu? Je, usukani hutetemeka? Waama, ni kama daktari na mgonjwa.

Ukisikia mlio mwembamba wa "kwiii" asubuhi, kisha ukapotea baada ya kukanyaga breki mara chache, huenda ni kutu tu. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, na diski za chuma hushika kutu usiku mmoja. Lakini "kwiii" ikiendelea mchana kutwa, hiyo ni onyo. Breki pedi nyingi zimewekewa kibati kidogo ambacho hugusa diski pedi inapokaribia kwisha. Kibati hicho kimewekwa makusudi kipige kelele.

"Krrrr" ndiyo mbaya zaidi. Hapo pedi imekwisha kabisa, chuma kinasaga chuma. Gari kama hilo halifai kuendelea na safari. Hata kwa pesa ni hasara, kwani aliyekataa kununua pedi sasa atanunua pedi pamoja na diski. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mgongo wa "ko!" unaposhika breki kwa nguvu waweza kuwa bushi zilizochakaa au bolti za breki zilizolegea. Lakini ami alinichekesha: yeye huanza kwa kutazama chini ya viti, maana mara nyingine ni jeki na gurudumu la akiba vinavyojigonga! Na usukani ukitetemeka, mara nyingi diski imevaa, haiko sawasawa tena.

Tena si kila kelele ni ubaya. Magari mengi ya siku hizi yana mtambo wa ABS, unaozuia magurudumu yasikwame na kuteleza. Dereva akikanyaga kwa nguvu, mtambo huo huachia na kushika breki mara nyingi kwa sekunde moja. Pedali hutetemeka chini ya mguu na sauti ya "trrrr" husikika. Dereva asiyejua huogopa akaondoa mguu, kumbe alitakiwa akaze tu.

Wako pia wanaoteremka mlima kutoka mjini Kwale kwenda Kombani mguu ukiwa juu ya breki njia nzima. Breki hupata moto, zikanuka, na mafuta ya breki yaliyoingia maji huweza kuchemka. Hapo pedali huwa laini na gari halishiki. Dawa ni kuteremka kwa gia ndogo.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Najua wako watakaosema, "Mwanafunzi ajue nini? Serikali ipo." Ni kweli ipo. Sheria alizoleta waziri John Michuki zilianza kutumika Februari 2004, zikaleta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Magari ya abiria pia hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Lakini pedi haingoji mwaka. Yaweza kupita ukaguzi leo, ikaisha kabla ya ukaguzi ujao. Katika siku hizo zote za katikati, nani mkaguzi? Ni masikio ya dereva na yetu sisi abiria. Ndiyo maana naona kuongeza muziki ili mlio usisikike ni kosa kubwa kuliko kuchakaa kwenyewe. Pedi huchakaa kwa kazi. Kuuficha mlio ni hiari ya mtu.

Simlaumu dereva peke yake. Tajiri wake anangoja hesabu jioni, na siku gari likilala gereji, watoto wake nao hulala vibaya. Lakini tajiri afikirie: kwa kilomita 80 kwa saa, gari huenda kiasi cha mita 22 kila sekunde. Tena mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza huwa mara nne. Walimu wetu wa Fizikia ni mashahidi. Na anayenunua pedi za bei ya bure akumbuke kuwa rahisi huvunja upishi.

Rai yangu kwenu ni hii. Tukisikia mlio, tuulize kwa adabu: "Kaka, gari lalia, mmelitazama?" Tukijibiwa kwa mzaha, tushuke. Nauli ya gari la pili ni ndogo. Watakaotucheka na wacheke. Mama yule wa Gazi alichekwa na matatu nzima, pengine hata Fizikia hakuisoma. Lakini siku ile, kati ya abiria wote, yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi bora. Mimi nilianguka mtihani. Mwenzangu, usianguke nawe.