Afya Nyumbani: Kwa nini jino lililozibwa linashika, na kwa nini linaanguka



Katika mkutano wa juma lililopita, tulipomaliza mambo ya akiba, lilizuka swali ambalo halikuwa kwenye orodha. Mama mmoja alizibwa jino miaka sita iliyopita na mpaka leo analitafunia mahindi ya kuchoma. Mwenzake alizibwa lake juzijuzi, na kabla ya majuma matatu kwisha, plombaji ikatoka ndani ya tonge la bugali. Feza imekwenda. Sasa anataka jino ling'olewe, kwisha maneno. Wengine walisema dokta ni mwizi, wengine walisema dawa ni ya bandia, na mmoja (tunamjua, anacheka akisoma hapa) alisema meno ya ukoo ule hayapendi kuzibwa. Tuliahidi kuliandika jambo hili, maana jino la mtu mzima likishang'olewa halirudi tena.

Tuanze na plombaji ya zamani, ile ya rangi ya chuma. Ni zebaki iliyochanganywa na unga wa fedha, bati na shaba. Hiyo haishikani na jino hata kidogo. Inakaa kwa sababu dokta anachimba shimo ambalo ndani ni pana kuliko mdomoni, kama mtungi, halafu anashindilia. Ikikauka haina njia ya kutokea. Imedumu miaka mingi katika vinywa vya wazazi wetu, lakini ina hasara yake: ili kupata umbo la mtungi, sharti kukata na sehemu ya jino iliyo nzima. Tena kuna ile zebaki. Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 15, wala kwa wamama wenye mimba na wanaonyonyesha, isipokuwa dokta akiona ni lazima. Mwenye nayo kinywani, na ingali nzima, asikimbilie kuitoa. Ikae.

Plombaji nyeupe ni jambo lingine. Inaitwa kompoziti, ni rezini iliyojazwa unga laini wa kioo. Yenyewe peke yake, ukiiweka kwenye jino, itabanduka. Inahitaji gundi katikati, kole kama tunavyosema nyumbani, na kazi yote ya dokta imelala kwenye hiyo gundi.

Gundi hiyo ina historia yake. Mwaka 1955 dokta wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, wa mji wa Rochester, alifikiria jambo ambalo watu wa viwanda walikuwa wanalifanya siku zote: kupaka chuma asidi ya fosfori kabla ya kukipaka rangi, ili rangi ishike. Akalijaribu kwenye meno. Aliweka asidi nusu dakika, akaosha, akakausha, kisha akaweka rezini. Ilishika vizuri kuliko ile iliyowekwa kwenye jino ambalo halikuguswa na asidi.

Wamama ambao wamejenga wataelewa upesi. Fundi akikuta ukuta laini, hapigi krepi juu yake hivihivi. Anaudonoadonoa kwanza kwa nyundo mpaka uwe na vishimo, ndipo sima inapata pa kushika. Asidi inafanya vilevile kwenye ngozi ya juu ya jino, ile ngumu nyeupe inayoitwa emaili. Emaili karibu yote ni madini, sehemu 96 kwa mia za uzito wake. Asidi inayayeyusha kidogo tu, na si sawasawa, hapa zaidi, pale kidogo, ikiacha vishimo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Rezini ya majimaji inaingia humo, inaganda, na inakuwa na mizizi. Siku hizi asidi hiyo ni mafuta mazito, mara nyingi ya rangi ya buluu ili dokta aone alipoipaka, nayo inakaa sekunde 15 mpaka 30 tu. Ukiisikia uchachu kwenye ulimi usishituke, wataiosha. Asidi ya fosfori ndiyo hiyohiyo inayotiwa, kwa kiasi kidogo sana, katika soda nyeusi ya kola. Anayempa mtoto chupa moja kila siku ajue jambo hilo.

Chini ya emaili mambo yanakuwa magumu. Hapo kuna dentini, na ndipo shimo kubwa linapofika. Dentini ina madini kama sehemu 70 kwa mia, zilizobaki ni nyuzi laini na maji. Ina mirija midogo sana inayokwenda mpaka kwenye mshipa wa jino, na ndani ya mirija hiyo mna maji. Ndiyo sababu chai ya moto inakupiga mpaka kichwani. Sasa, kubandika rezini, ambayo ni jamaa ya plastiki, kwenye kitu chenye maji, ni kama kupaka verni kwenye kucha iliyolowa. Dokta akikausha mno, zile nyuzi zinalala chini kama nywele zilizolowa na rezini haipati njia ya kupita. Akiacha maji mengi, gundi inazama humo na kuwa dhaifu. Kwa hiyo watu wa sayansi walitafuta dawa ya katikati, yenye upande mmoja unaopenda maji na upande mwingine unaopenda rezini. Ni mtindo wa sabuni, inayoshika maji huku na mafuta kule. Dawa hiyo inaingia kati ya nyuzi, na gundi inaifuata. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi wa Japani na wenzake walieleza kinachotokea hapo: linajengwa tabaka ambalo nusu ni jino na nusu ni rezini, vimefumana kama ukindu wa mkeka. Unene wa tabaka hilo ni vipande vichache vya elfu moja ya milimeta. Kizibo chako chote kinaning'inia hapo.

Ukishajua hivyo, ndipo utaelewa kwa nini la mmoja linakaa na la mwingine linaanguka.

Adui wa kwanza ni mate. Jino likishaoshwa asidi, tone moja la mate au la damu likiligusa, vile vishimo vinazibwa kabla gundi haijafika, na kazi ya kutayarisha inapaswa kurudiwa. Ndiyo sababu dokta anakujaza pamba mashavuni na kukukataza kufunga mdomo. Hakutesi. Mama anayefunga mdomo kila dakika ili asimulie habari za sokoni anajiharibia mwenyewe. Na mtoto anayelia na kurusha kichwa, heri mzazi atulie naye kwanza, hata kama ni kurudi siku nyingine, kuliko kulipia kizibo kilichowekwa juu ya mate.

Adui wa pili ni haraka. Kompoziti inaganda kwa mwanga wa buluu, ile taa ndogo kama bunduki inayolia piipii. (Usiitazame, inaumiza macho.) Inapoganda inajikunja, kama sehemu 2 au 3 kwa mia. Ni kidogo, lakini inatosha kuvuta gundi na kufungua ufa pembeni. Tena mwanga haufiki mbali. Kwa hiyo kompoziti ya kawaida inawekwa kwa matabaka yasiyozidi milimeta 2, na kila tabaka linapigwa mwanga wake. Shimo kubwa likijazwa mara moja, au taa ikiwa na batri iliyochoka kwa sababu kurenti ilikatika usiku kucha, juu kutakuwa kugumu na chini kubichi. Sisi hatujui kilichotokea kwa jino la yule mwenzetu, hatukuwepo. Lakini kizibo cheupe kikubwa kilichokwisha kwa dakika tano, tunakitilia mashaka. Uliza bei kabla hujakaa kwenye kiti, uliza pia ni dawa gani itawekwa. Dokta mzuri hakasiriki.

Na hapa kuna jambo ambalo linatuhusu sisi wenyewe jikoni: karafuu. Wote tunaitumia jino likiuma, na ni kweli inatuliza. Kinachotuliza ndani yake kinaitwa eujenoli, na hiyohiyo inazuia rezini kuganda vizuri. Hata kizibo cha muda, kile chenye harufu ya karafuu ambacho zahanati inaweka huku ukisubiri, kina eujenoli. Basi ukienda kuzibwa, sema: niliweka mafuta ya karafuu jana, au nilikuwa na dawa ya muda. Dokta atajua kusafisha zaidi, au atachagua dawa nyingine.

Dawa hiyo nyingine tunataka wamama waijue, hasa walio mbali na mji. Ni simenti ya kioo, ionomeri kwa jina la waganga. Ilibuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent, ikajulikana mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni unga wa kioo unaochanganywa na asidi nyepesi. Inaganda yenyewe, bila taa, na inashikana na kalsiamu ya jino bila kuhitaji gundi ya pembeni. Tena inatoa floridi kidogokidogo, inayosaidia jino lenyewe. Udhaifu wake ni kwamba si ngumu kama kompoziti. Kwenye shimo dogo la upande mmoja inakaa vizuri, lakini kwenye shimo kubwa linalokula pande mbili inavunjika upesi.

Kwa dawa hiyo, jirani zetu wa Tanzania walianzisha jambo kubwa. Katikati ya miaka ya 1980, kutoka shule ya waganga wa meno ya Dar es Salaam, ilianza kazi ya kuziba meno vijijini bila mashine wala kurenti: sehemu iliyooza inakwanguliwa kwa vyombo vya mkono, shimo linapakwa asidi nyepesi kwa sekunde chache na kuoshwa, kisha simenti ya kioo inashindiliwa kwa kidole chenye glavu kilichopakwa vazelini. Mtoto hasikii kelele ya mashine, na mara nyingi hata sindano haihitajiki. OMS iliitangaza njia hiyo kwa dunia mwaka 1994, na mwaka 2021 simenti ya kioo iliingia kwenye orodha yake ya dawa za lazima, pamoja na dawa ya kuswakia yenye floridi. Ukiambiwa kwenye kituo cha afya kwamba jino la mtoto ni la kung'oa tu, uliza kama wana simenti hiyo, au wapi inapatikana. Mtoto akishazibwa asile kwa saa moja.

Tunasema hivyo kwa sababu ya jino moja ambalo tunalililia. Mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya maziwa linatoka jino kubwa, juu na chini, kushoto na kulia. Halikungoja jino lolote lianguke, limeota kimyakimya mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kwa hiyo wazazi wengi wanadhani nalo ni la maziwa. Likitoboka kwa bonboni, wanasema: ling'oeni, litaota lingine. Haliotі lingine. Hilo ndilo la uzee wake. Mama, hesabu meno ya mtoto wako jioni ya leo, kwa mwanga wa simu. Ukiona shimo dogo jeusi kwenye jino la mwisho la mtoto wa miaka saba au nane, hilo ni la kuziba mapema, lingali dogo, wakati gundi ingali na emaili nzuri ya kushika. Kuna hata madokta wanaopaka rezini nyembamba kwenye mifereji ya jino hilo kabla halijatoboka, kwa ujanja uleule wa Buonocore.

Limebaki swali la yule mwenzetu: kizibo kikianguka, ufanye nini? Kiweke kwenye karatasi ukionyeshe kwa dokta, kinamwambia kilibandukia wapi. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, tafunia upande mwingine, brosi iendelee kupita hapo taratibu. Rudi ndani ya siku chache, maana shimo lililo wazi linaendelea kuoza, na ukingoja mpaka uso uvimbe, mambo ya gundi yatakuwa yamepita. Uliza kwa adabu kama atalirudia bila malipo, wengine wanakubali. Na tafadhali, ile kole ya tyubu ndogo ya kubandikia viatu, inayouzwa barabarani, msiitie kinywani. Tumesikia kuna wanaofanya hivyo. Inashika kweli, inashika na ufizi na ulimi, inaunguza, na inafungia uozo ndani ambapo dokta hauoni.

Mwenzetu huyo amekubali kurudi Jumanne kabla ya kung'oa. Mwenye swali lingine la meno amletee katibu kabla ya mkutano.