Magongo Yasiegemezwe Mlangoni

Maji yakivamia chumba saa nane za usiku, mwenye miguu mizima hukurupuka, akanyakua mtoto na kutoka. Anayetembelea magongo huanza kwa kuyapapasa gizani. Jioni aliyaegemeza mlangoni, sasa yanaelea. Jirani yake kiziwi bado amelala, maana mayowe ya mtaa mzima hayamfikii.

Wakazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wanaujua usiku wa namna hiyo. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliwauliza watu wenye ulemavu wa nchi nyingi kama wana mpango wao binafsi wa kukabili maafa. Asilimia 71 hawakuwa nao. Uliporudia kuuliza mwaka 2023, wasio nao walifika asilimia 84. Hatuwalaumu. Ni nani amekwenda kukaa nao akawauliza watatokaje?

Lakini yapo ya kufanya usiku huu huu, bila kungoja bajeti ya mtu. Magongo yatundikwe kwenye msumari juu ya kitanda. Kiti mwendo kilale ndani, si barazani. Kiziwi ampe jirani ufunguo wa pili, kwa kuwa kumgongea mlango ni kazi bure. Vidonge vya kifafa na kadi ya kliniki vikae kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana. Mwenye ualbino aweke humo mafuta yake ya kujikinga na jua, na kofia iwe karibu. Kukikucha huenda yuko uwanjani, hana kivuli.

Kisha watafutwe majirani wawili. Mmoja hatoshi, huenda siku hiyo yuko zamu ya usiku. Wajaribu kumbeba mhusika mchana kweupe, naye awaelekeze pa kushika, maana mwili ni wake na maumivu anayajua yeye.

Serikali za mitaa nazo zina deni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 11 inataka walindwe wakati wa maafa. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake wapite nyumba kwa nyumba, wajue nani anaishi wapi na nani atamtoa. Wakague pia shule watakakohifadhiwa watu: je, kiti mwendo kinapita mlango wa choo? Masika huanza Machi. Ziara hiyo ifanyike Februari.