Askari Mwanafunzi Asihesabiwe Mtoro

Si ajabu tena siku hizi kumwona askari aliyetoka lindoni akifungua kitabu cha sheria, cha uhasibu au cha utawala, badala ya kujilaza. Jinja ni mji wa jeshi tangu zamani. Hapo ipo kambi ya Gaddafi, na hapo Kimaka kipo chuo cha kuwafunza maofisa ukamanda na unadhimu. Na Chuo Kikuu cha Makerere nacho kina tawi lake mjini humo. Ukishika barabara ya Tirinyi hata ukafika Mbale, utakikuta Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 1988, na Kitivo cha Sayansi ya Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema, ambacho wanafunzi wake hufunzwa katika hospitali kuu ya rufaa ya mji huo. Kwa hiyo mwanajeshi au polisi wa mashariki ya nchi yetu hana haja tena ya kwenda Kampala ili apate shahada. Hilo ni jambo jema, nasi twalisifu.

Lakini wapo wanaoanza masomo kwa bidii na kuyamaliza kwa aibu, hali hawakushindwa na somo lolote. Wameshindwa na kanuni ambayo hawakupata kuisoma: ile inayoitwa probesheni.

Yafaa tuieleze kama ilivyo, kwa kuichukua Makerere kuwa mfano, kwani kila chuo kikuu kina Seneti yake na kanuni zake. Kila somo hupewa alama hadi 100, na kufaulu ni 50. Alama hizo hugeuzwa kuwa pointi, ambazo kilele chake ni 5. Kisha pointi za masomo yote hujumlishwa kwa kadiri ya uzito wa kila somo na kutafutiwa wastani. Mwanafunzi ambaye wastani wake wa jumla umeshuka chini ya 2.00 huwekwa katika probesheni, yaani huendelea na masomo huku akiangaliwa. Vivyo hivyo aliyeanguka katika somo la lazima. Na mtu akiwa katika probesheni mara tatu mfululizo kwa sababu ya wastani, huondolewa chuoni. Aliyeanguka katika somo lile lile mara ya tatu huondolewa pia, na hata yule aliyezidisha zaidi ya miaka miwili juu ya muda wa kozi yake.

Wako wanaosema kwamba kanuni hii ni kali mno, na kwamba askari, kwa kuwa analitumikia taifa, angelegezewa. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Probesheni si adhabu, ni onyo. Na askari, kuliko raia yeyote, anajua faida ya onyo linalotolewa mapema kabla ya kosa kuwa kubwa. Tena tufikiri juu ya vijana wale wa udaktari pale Mbale. Askari aliyejeruhiwa, akiwa amelazwa mezani anasubiri kupasuliwa, atapenda ashikwe na daktari ambaye alianguka mara tatu akapitishwa kwa huruma? La, hasha! Shahada iliyolegezwa ni kama risasi iliyolowa maji. Huibeba kwa fahari mpaka siku ya kuihitaji. Kiwango na kibaki pale pale, kwa mwenye sare na asiye na sare.

Tunalolalamikia ni jambo jingine kabisa. Kanuni za Makerere hutenganisha wanafunzi wa namna mbili wasiofika katika chumba cha mtihani. Asiye na sababu ya kuridhisha huandikiwa kwamba ameanguka, na anguko hilo huingizwa katika hesabu ya wastani wake. Mwenye sababu ya kuridhisha huandikiwa tu kwamba hakuwapo. Somo hilo haliingii katika hesabu, naye huruhusiwa kuufanya mtihani utakapotolewa tena. Kila askari ataitambua tofauti hii mara moja, maana ni ile ile iliyopo kati ya mtu aliyetoka kambini na ruhusa mfukoni na mtu aliyeruka ua usiku. Wote wawili hawapo kwenye gwaride asubuhi, lakini mmoja ni mtoro na mwenzake siye.

Tazama basi tofauti hiyo inavyofanya kazi. Tuchukue askari mwenye masomo matano ya uzito sawa katika muhula wake wa kwanza. Amefanya mitihani mitatu, na katika kila mmoja amepata pointi 3, ambayo ni matokeo ya mtu wa kawaida anayejitahidi. Mitihani miwili iliyobaki imemkuta yuko njiani kwenda kazini. Akihesabiwa kuwa hakuwa na sababu, tuseme na kila somo likawekewa sifuri, pointi zake 9 zitagawanywa kwa masomo 5, wastani uwe 1.8. Hiyo ni probesheni. Akihesabiwa kuwa na sababu, pointi zile zile 9 zitagawanywa kwa masomo 3, wastani uwe 3.0, na jina lake litakuwa safi. Ubongo ni ule ule, na daftari ni lile lile. Kilichowatenganisha ni karatasi moja.

Na karatasi hiyo ndiyo askari wetu wengi hawaipeleki. Tangu Machi 1997 hadi leo si safari moja wala mbili? Hapana, tuanzie karibu zaidi: tangu Machi 2007, vikosi vya kwanza vya Uganda vilipotua Somalia, na tena tangu Novemba 2021, oparesheni ya Shujaa ilipoanza mashariki ya Kongo, askari wetu wameitwa na kuondoka bila kungoja ratiba ya chuo chochote. Polisi naye huhamishwa kwa siku chache tu, na wakati wa uchaguzi hana lake. Mtu anafunga begi, anaaga nyumbani, anapanda lori. Chuo hakiingii akilini mwake, au akikikumbuka hujiambia kwamba walimu wamesikia redioni kama watu wote. Mhadhiri hawezi kumwandikia mwanafunzi sababu aliyoisikia redioni. Wengine hunyamaza kwa kudhani kuwa kumtajia raia safari ya kikosi ni kutoa siri. Dhana hiyo ina heshima yake, lakini haina msingi, kwa sababu barua haihitaji kutaja mahali, idadi wala kazi. Yatosha iseme kwamba mtu huyu, mwenye namba hii ya uandikishaji chuoni, yuko kazini kwa amri tangu tarehe fulani, na itiwe saini na mhuri.

Hapa vyuo navyo vina deni. Kanuni tulizozitaja zinapotoa mifano ya sababu za kuridhisha, hutaja ugonjwa na kufiwa na mzazi au mlezi. Amri ya kazi haikutajwa. Ni kweli kwamba mifano si mwisho wa orodha, na bodi yenye busara itaikubali barua ya kikosi. Lakini kwa nini haki ya mtu itegemee busara ya wale waliokaa katika kikao siku hiyo? Maneno machache yakiongezwa, kwamba amri ya kazi iliyothibitishwa na mkuu wa kikosi au wa kituo ni sababu ya kuridhisha, hayatashusha kiwango cha mtihani hata kwa nukta moja. Twaziomba Seneti za vyuo vyenye wanafunzi Jinja na Mbale zilifikirie jambo hili.

Kwa yule ambaye safari yake itameza muhula mzima au zaidi, barua ya mtihani haitoshi. Huyo anapaswa kumwomba Msajili wa Masomo ruhusa ya kusimamisha masomo, ile ambayo wanafunzi huiita mwaka mfu. Jina hilo ni baya, lakini jambo lenyewe ni zuri. Mwaka mfu ulioombwa haumweki mtu katika probesheni. Miezi ya kutoweka bila kuaga humrundikia maanguko, na arudipo akiwa na medali kifuani hukuta jina lake limekwisha tolewa katika orodha.

Neno moja pia kwa askari walio wazazi. Karo inatoka katika mshahara wako, lakini matokeo yanakwenda kwa mtoto, kwa kuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Kijana aliye katika probesheni ya kwanza mara nyingi huona haya kusema, na ya pili huificha kwa hofu ya baba. Usimuulize kama amefaulu, kwa maana atakujibu ndiyo. Muulize wastani wake wa jumla ni ngapi, naye akuonyeshe karatasi. Ukiona uko chini ya 2.00, usipandishe sauti. Kaeni muulizane ni somo gani, na lini litarudiwa.

Wakuu wa vikosi na wa vituo wanaweza kutusaidia bila gharama. Karani wa kikosi awe na orodha ya walioandikishwa vyuoni, na amri ya safari inapotoka, barua za hao zitoke siku hiyo hiyo. Askari akishaondoka, atakayeifikisha ni mkewe, mumewe au ndugu. Ofisi ya Msajili iipokee na kuipigia mhuri nakala ya pili, na nakala hiyo ibaki nyumbani, si ndani ya begi linalokwenda vitani.