Neno la Mhariri: Mkojo Usiopaswa Kupimwa

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litahusu usugu wa dawa katika nyumba za kutunzia wazee Marekani, barua nyingi zimekuja na hukumu moja: wahudumu hawanawi mikono. Hukumu hiyo inaniudhi. Wasomaji wetu wengi walioko kwenye kazi hizo, tangu Lowell hadi Minneapolis, ndio wanaowaogesha wazee, kuwageuza vitandani na kuwabadilisha nepi, na lawama huwaangukia wao kwanza. Kalamu inayoandika dawa haiulizwi kitu.

Sikatai kwamba mikono ina sehemu yake. Huko Orange County, California, watafiti walikuta asilimia 65 ya wakazi waliopimwa wamebeba bakteria sugu wa aina moja au zaidi, na bakteria hawahami chumba hadi chumba wenyewe. Makala ya kwanza inaeleza vizuri jaribio la nyumba 28 za jimbo hilo, lililochapishwa mwaka 2023: kuwaogesha wakazi wote kwa klorheksidini na kuwapaka ayodini puani kulipunguza wazee waliokimbizwa hospitali kwa maambukizi. Isomeni. Lakini ngozi inaoshwa wakati usugu umekwisha kuingia. Mimi nataka tuulize unakotengenezwa.

Unatengenezwa, mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, kwenye kopo la mkojo. Bibi ameamka amechanganyikiwa, amekataa kula. Mkojo unachukuliwa, maabara inaotesha bakteria, daktari anaagiza siprofloksasini kwa simu, na jalada linaandikwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Ila kati ya robo na nusu ya wanawake wa nyumba hizi, na asilimia 15 hadi 40 ya wanaume, wana bakteria kwenye mkojo na hawaumwi chochote. Aliyekaa na mpira wa mkojo kwa muda mrefu karibu hakosi kuwa nao. Kwa hiyo kipimo kilileta jibu ambalo lingepatikana hata siku bibi alipokuwa mzima. Dawa inawaua bakteria dhaifu wa tumboni mwake na kuwaachia nafasi walio sugu. Inaweza kumfungulia mlango wa kuhara kwa Clostridioides difficile. Na siku figo zitakapoambukizwa kweli, huenda dawa hiyo isifue dafu. Na kilichomchanganya, pengine maji kidogo, choo kigumu au kidonge kipya cha usingizi, bado hakijaguswa.

CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inakadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 75 ya antibiotiki zinazoandikwa katika nyumba hizi huenda hazihitajiki au hazifai. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kuu ya toleo hili.

Mmoja wa waandishi wetu anashikilia kwamba kumsubiri mzee aliyechanganyikiwa ni kumhatarisha. Nimeichapisha hoja yake nzima, na ninaipinga. Mwaka 2005 Mark Loeb na wenzake walichapisha jaribio la nyumba 24 za Ontario na Idaho, ambamo wauguzi na madaktari wa baadhi ya nyumba hizo walipewa utaratibu wa kudai dalili kabla ya kuotesha mkojo na kuandika dawa. Antibiotiki za UTI zilipungua. Vifo na kulazwa hospitali havikutofautiana na vya nyumba ambazo hazikupewa utaratibu huo. Mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani wa mwaka 2019 unasema vivyo hivyo: asiye na homa wala maumivu ya njia ya mkojo atafutiwe sababu nyingine na aangaliwe kwa karibu. Kuangaliwa kwa karibu ni tiba, tena inataka watu wa kutosha zamu ya usiku, na hapo ndipo wenye nyumba hizi wanapobana fedha.

Makala kuhusu kanuni ya serikali kuu ya mwaka 2016, iliyozitaka nyumba zinazopokea fedha za bima za serikali, Medicare na Medicaid, ziwe na mpango wa kusimamia antibiotiki, ni fupi na inajitosheleza.

Ombi langu ni kwenu mlio kazini usiku huu. Ninyi mnamjua mzee huyo kuliko daktari aliye kwenye simu. Kabla kopo halijaletwa, mwambieni muuguzi kwa maneno kamili: ana homa au hana, analia akikojoa au halii, amekunywa kiasi gani tangu jana, choo alipata lini, dawa gani imeongezwa. Kisha daini majibu hayo yaandikwe kwenye jalada. Nanyi watoto mnaopiga simu mkisihi mama aandikiwe dawa upesi, ulizeni kwanza maswali hayo hayo.