Yuka Mbili za Langoni



Juma hili tulikusudia kuandika juu ya mrehani na namna ya kuukinga na jua la kaskazi, lakini imetujia barua ya bibi mmoja, msomaji wetu wa Likoni, nasi hatuoni kuwa yafaa kuiweka. Asema kwamba mumewe alisoma katika safu hii sifa za yuka, akanunua miche miwili kwa wauza miche wa kando ya barabara, akaipanda mmoja kulia na mmoja kushoto mwa lango. Sasa ni mwaka wa tatu, na yuka zimefika kimo cha mtoto wa miaka sita. Ijumaa iliyopita mjukuu wao alitoka chuoni akamkimbilia babu yake, akajikwaa langoni, na ncha ya jani ikamchoma chini ya kope. Jicho limesalimika, alhamdulillahi, alama imebaki. Bibi ataka miti ing'olewe, bwana asema miti haina kosa, na wote wawili wameafikiana kutuletea sisi shauri lao.

Kabla ya kulijibu tuna la kukiri. Tulipoisifu yuka humu hatukusema uongo: hustahimili jua, ukame na upepo wenye chumvi, na katika nyumba ambayo maji ya mfereji hutoka kwa zamu hiyo si sifa ndogo. Lakini tuliongeza kwamba yafaa kupandwa langoni kwa kuwa majani yake humtisha mwizi, na wala hatukukumbuka kwamba wapitao langoni kila siku ni watoto wa nyumba na wageni, si wezi. Kosa ni letu, si la bwana aliyetuamini. Tunamwomba radhi yeye, mkewe na mjukuu wao.

Yuka asili yake ni Amerika: Meksiko, nchi za Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kusini mwa Marekani. Ziko aina nyingi, lakini mwenye bustani yampasa azijue mbili. Ya kwanza ina majani magumu yaliyonyooka kama jambia, na mwisho wa kila jani pana sindano kavu, ngumu, ya rangi ya hudhurungi. Waingereza huiita singe ya Mhispania, wala hawakuisingizia. Ya pili ina majani mapana zaidi, malaini, ambayo yakirefuka huinama, na ncha yake ukiibonyeza kwa kidole hukunjika. Hii ndiyo iliyo ua la taifa la El Salvador, ambako watu hupika maua yake meupe pamoja na mayai. Kingo za majani yake zaweza kukwaruza, lakini hazichomi. Zikiwa changa bado katika mifuko ya udongo, aina hizi mbili hufanana sana, na si kila muuzaji ajuaye ni ipi anayoiuza. Kwa hiyo mnunuzi na abonyeze ncha ya jani mwenyewe, polepole, kabla ya kutoa fedha. Kwa namna bibi alivyoyaeleza majani yake, hatuna shaka kwamba alizonazo ni za sindano.

Chini ya barua yake bibi ameongeza swali ambalo twalijibu kwa haraka lakini kwa mkazo. Binti yake aliyeko Marekani amemwambia kwamba huko hununua mizizi iitwayo yuca, akaipika kwa nazi wakati wa kufuturu. Je, hii ya langoni nayo yaliwa? La, hasha. Anachonunua binti ni muhogo, huu huu wetu wa kuchoma na wa bajia, ambao nao ulitoka Amerika. Yuca ni jina la muhogo katika lugha za wenyeji wa Karibi, na wataalamu wa mimea wa Ulaya walilibandika kwa makosa kwenye mti huu mwingine wenye majani ya jambia. Linnaeus alipoyaandika majina ya mimea katika mwaka wa 1753 aliliacha vivyo hivyo, na kosa likawa jina rasmi. Mti huu si ndugu wa muhogo kabisa. Mizizi yake ina kitu kitoacho povu kama sabuni, na kuna wenyeji wa Amerika waliokuwa wakioshea nywele kwa mizizi ya baadhi ya aina zake. Usiitie chunguni.

Turudi langoni. Bwana amesema neno la haki kwamba mti hauna kosa, lakini mahali ulipo pana kosa. Sote tulifundishwa tangu chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na njia ya mlangoni kwetu haikutolewa katika hukumu hiyo. Huenda bwana akasema kwamba mti utapanda juu ukawapita watoto kwa kimo. Shina hupanda, ni kweli, ila polepole, na chini yake huchipuka machipukizi mapya, kila moja na sindano zake, katika kimo kile kile cha uso wa mtoto. Shauri letu, basi, ni kwamba yuka zote mbili ziondoke langoni, lakini zisitupwe.

Leo hii kabla ya magharibi, bwana achukue mkasi mkali, avae na miwani, akate ncha ya kila jani kiasi cha upana wa ukucha. Jani halitakufa, litabaki na alama ya ukavu mwishoni. Hiyo si dawa ya kudumu, kwa sababu majani mapya huja na sindano mpya, lakini itawapa nafasi ya kufanya kazi ya pili bila hofu.

Kazi ya pili ni kuhamisha, na majuma haya ya ukavu kabla ya masika ndiyo wakati wake. Kuung'oa mti mzima wa miaka mitatu ni kujitesa. Shina likatwe kwa msumeno, majani ya chini yaondolewe, kisha kipande kiwekwe kivulini siku tano hadi saba mpaka kidonda chake kikauke. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: hukipanda siku hiyo hiyo, wakakimwagia maji asubuhi na jioni kama mchicha, na baada ya mwezi hukikuta kimeoza. Kikishakauka kipandwe katika mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, upande wa juu ubaki juu, na kimwagiwe maji pale tu udongo unapokuwa mkavu hadi kina cha kidole. Ardhi yetu ya mchanga na matumbawe yakifaa sana. Penye udongo mzito usiopitisha maji, inueni tuta kwanza. Kisiki kilichobaki langoni nacho kichimbuliwe na mizizi yake, la sivyo kitachipua.

Mahali pake papya pawe pembe ya ua isiyopitwa na mtu, hatua tatu kutoka njiani na kambani pa kuanikia nguo, mbali na birika na shimo la choo, wala si kwenye ukuta ambao majani yataning'inia upande wa jirani, maana yeye naye ana wajukuu. Wenye mbuzi au paka wazuie wasiyatafune majani.

Na kwa kuwa lango halipendezi tupu, sisi twalipendelea asumini. Ataka maji zaidi kuliko yuka, hatukatai, lakini maji ya kuoshea mchele yamtosha kwa sehemu kubwa, na bibi atapata maua ya kutia kwenye kikuba.

Limebaki jambo moja, nalo twawaambia wazazi wote. Mtoto akichomwa jichoni kwa jani lolote, msimsugue, msimtie dawa ya nyumbani, wala msichomoe kitu kilichokwama. Funikeni jicho kwa kitu kisicholigandamiza, kama kikombe cha karatasi, mkampeleke hospitali saa ile ile, hata kama kilio kimenyamaza.

Aliyepanda yuka langoni kwa maneno yetu ya zamani na atafute mkasi leo, asingoje. Juma lijalo, inshaallah, tutaurudia mrehani.