MAJI YA KUCHEZEA NI HAKI YA KILA MTOTO

Huenda baadhi ya wanachama wetu wakastaajabu kuona gazeti la watu wa visiwani likiacha khabari za karafuu na bei ya mchele, likageukia Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, tena kwa jambo la michezo ya watoto. Twawaomba wavute subira. Wahenga walisema: mwenzio akinyolewa, zako tia maji, na yanayongojewa huko ni yale yaliyokwisha tufika sisi.

Mbinga ni mji wa kahawa, juu katika milima ya Wamatengo. Barabara ya lami ya kilomita 66 yateremka kutoka hapo hadi Mbamba Bay, kando ya ziwa, na mwaka 2024 ilianza kazi ya kujenga bandari mpya pahala hapo. Bandari ni kheri, wala hatuipingi. Lakini kila mwenye akili ajua kitakachofuata. Bandari huleta maghala, na maghala huleta nyumba za wageni, na nyumba za wageni huleta seng'enge. Kiwanja ambacho leo mtoto achezea bure, kesho kitakuwa na hati ya mtu. Basi wakati wa kuutenga uwanja wa watoto ni kabla ya hayo, maana ardhi ikishagawiwa hairudi ila kwa fidia au kwa ugomvi.

Atasema mtu: watoto wa Nyasa wanalo ziwa zima, wana haja gani ya kutengenezewa maji ya kuchezea? Hoja hii yapendeza masikioni, lakini haisimami. Ziwa lile lina kina cha kiasi cha mita 700 pale penye kina kirefu, na upepo wa kusi ukivuma, mawimbi yake hayamchagui mkubwa wala mdogo. Tena mna kichocho, ugonjwa wa vijidudu vitokavyo katika konokono wa majini, vikampenya mtu ngozini hali anaoga tu. Sisi wa Unguja na Pemba hatuna haja ya kuelezwa kichocho. Twakijua kwa mito na madimbwi yetu, na kwa damu katika mkojo wa watoto wetu. Na mtoto asiyeweza kutembea, ziwa zima hilo kwake ni kitu cha kusikia sauti yake tu.

Dawa ya haya yajulikana ulimwenguni. Hujengwa kiwanja cha sakafu isiyoteleza, ambapo maji safi huruka kutoka chini au kumwagika kutoka juu, kisha yakaingia papo hapo katika mfereji. Hapana maji yaliyotuama, kwa hivyo khatari ya kuzama yaondoka. Sakafu ikiwa sawasawa, bila ya kizingiti, mtoto mwenye kigari cha magurudumu huingia na kurowa pamoja na nduguze. Kando yake huwekwa bembea zenye pa kuegemea mgongo, mchanga ulioinuliwa juu ya meza ili aliye kwenye kigari aufikie, na ngoma za kupigwa na asiyeona. Hupandwa na miti ya kivuli. Na kwa watoto wenye ualbino kivuli si pambo, ni kinga ya ngozi yao.

Lakini hatutaki watu wadanganywe kwamba kazi hii ni kununua mabomba na kukata utepe. Mwaka 2005, katika bustani ya Seneca Lake, jimbo la New York, Marekani, maelfu ya watu waliharisha kwa sababu ya kiwanja cha namna hii. Maji yalikuwa yakizungushwa na kutumiwa tena, na kijidudu kilichokuwamo hakifi upesi kwa klorini. Ikiwa taifa tajiri lilipatwa na hayo, sisi hatuna budi kuzingatia. Ama maji yatumiwe mara moja kisha yaelekezwe kwenye miti, ama pawe na mtambo wa kuyasafisha kweli kweli na mtu anayelipwa mshahara kuuangalia. Na yatoke kwa kubonyezwa, kwa muda mchache tu. Maji hayawezi kuruka kutwa nzima ilhali kina mama wamepanga ndoo mtaa wa pili.

Wala tusemapo haki hatuombi sadaka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 wautaja mchezo katika kifungu cha 31, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, itumikayo Bara, imeuweka mchezo pamoja na chakula, mavazi na matibabu. Na Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wasema watoto hao washiriki katika michezo sawa na wenzao.

Sasa tujitazame wenyewe. Forodhani ilitengenezwa upya ikafunguliwa mwaka 2009, na watoto wakapata pao pa kuchezea. Siku za sikukuu watoto wa Unguja humiminika Kariakoo, na wa Pemba Tibirinzi. Tumewaona huko wangapi wenye vigari? Aghalabu wamebaki majumbani na nguo zao mpya, si kwa ubaya wa wazazi, bali kwa ngazi na mchanga na milango myembamba.

Kwa hivyo twasema. Kwanza, Halmashauri za Mbinga na Nyasa, na mabaraza ya miji yetu visiwani, yatenge viwanja vya watoto katika ramani, kwa mipaka na hati, kabla ya kumpimia mtu kiwanja. Pili, wazazi wa watoto wenye ulemavu waitwe siku ya kuchora, wasingoje siku ya kufungua. Tatu, fedha ya kuangalia maji na kutengeneza kinachovunjika iandikwe katika bajeti ya kila mwaka.

Nanyi wanachama, diwani akija kuomba kura, muulizeni: kiwanja cha watoto wetu ki wapi katika ramani, na mtoto mwenye kigari ataingilia mlango gani? Asiyekuwa na jawabu, aende akalitafute kwanza.